Muulize Rubani: Mbona ndege inageuka baada ya kugusa chini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Wilson, Nairobi, nafundishwa kwa Cessna 172. Juzi tulitua njia ya 07, inayoelekea digrii 70 za dira; mnara wa kuongozea ndege ukatuambia upepo unatoka digrii 040 kwa kasi ya noti 16 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Magurudumu yaligusa vizuri katikati ya mstari. Mwendo ulipoanza kupungua, pua ikakimbilia kushoto hadi mwalimu akaingilia. Nakosea wapi? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Kijana wangu, upepo huo usikutishe. Ulikujia kutoka kushoto kwa pembe ya digrii 30, kwa hiyo nusu tu ya nguvu yake, noti 8, ndiyo iliyokuwa ikikusukuma ubavuni. Kitabu cha 172 kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni zilizojaribiwa na watengenezaji. Ndege inaweza; tutazame miguu yako.

Mkia uko mbali nyuma ya magurudumu makuu. Upepo ukiusukuma, ndege hugeuka kama mashua iliyotia nanga, pua ikiutafuta upepo. Ukiwa na mwendo, usukani wa mkia, ule unaouendesha kwa pedali za miguu, unapata hewa ya kutosha kuuzuia mgeuko huo. Mwendo ukishuka, kiasi ulichokuwa unakanyaga mguu wa kulia hakitoshi tena, inabidi uongeze. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wakisikia matairi yamegusa, wanalegea.

Kuna na gurudumu la pua. Kwenye 172 limefungamana na pedali kwa springi. Likishuka kwa kishindo huku umekanyaga sana kulia, ndege inashtuka kwenda kulia, nawe unaachia pedali ghafla. Upepo unaimalizia kazi kushoto. Naona hivyo mara nyingi mno! Shusha pua taratibu, punguza mguu kidogo inapogusa, lakini usiutoe.

Mikono nayo haijamaliza. Zungusha usukani wa mkononi, unaoinamisha mabawa, kushoto, upepo unakotoka, uzidi kuuzungusha kadiri mwendo unavyopungua, mpaka ufike mwisho. Hilo huzuia bawa la kushoto lisiinuliwe.

Visigino viwe sakafuni, vidole mbali na breki, hadi ndege inyooke. Na ikianza kukuponyoka mapema, mwendo ungalipo na njia bado ndefu mbele yako, tia nguvu zote upae tena. Hakuna mwalimu wa maana atakayekulaumu.

Ukija kuhamia ndege za gurudumu la mkia, kama Super Cub zinazotumika kwa doria za wanyamapori, utashukuru kwamba ulijifunza haya sasa. Huko uzito uko nyuma ya magurudumu makuu, na mgeuko mdogo usioukamata mara moja hujiongeza wenyewe mpaka ndege izunguke na bawa likwaruze chini.

Mwombe mwalimu wako siku ya upepo mpite chini juu ya njia bila kutua, mwendo mdogo, kazi yako ikiwa moja: pua inyooke, na ndege isitoke juu ya mstari wa kati. Tazama mwisho wa njia, si mbele ya pua. Mgeuko utauona mapema. Rudieni mpaka miguu ifanye bila kuambiwa, ndipo mtue.