Maji Yanayorudi Kwenye Boila Yasiwe Baridi

Wateja wanaoniita hapa Nakuru niwaunganishie boila ya kupasha joto sakafu huanza kwa kuuliza boila ya ukubwa gani itawafaa. Mimi huanza kwa kuuliza maji yatairudia boila yakiwa na joto kiasi gani, kwa maana boila iliyozidi au kupungua kidogo kwa ukubwa bado hufanya kazi, lakini ile inayorudishiwa maji baridi kila siku huliwa na kutu kutoka ndani hata kama ilinunuliwa kwa bei ghali.

Sakafu yenye mabomba ya kupasha joto, iwe ni ya nyumba huko Molo au ya banda la vifaranga, huhitaji maji ya nyuzi 35 hadi 45 hivi za selsiasi, nayo hurudi yakiwa yamepoa hadi 30. Boila ya kawaida ya kuni au ya dizeli haiyavumilii maji hayo. Moshi umejaa mvuke, na mvuke huo ukigusa chuma kilichopoa hugeuka kuwa maji yenye asidi. Kwa dizeli, hali hiyo huanza joto la chuma likishuka hadi nyuzi 47 hivi. Kuni, hasa zile mbichi, huongeza balaa la pili, kwani huacha lami nyeusi ndani ya boila na kwenye dohani, na lami hiyo huweza kushika moto. Kwa sababu hiyo sikubali maji yarudi chini ya nyuzi 60 kwa boila ya kuni, wala chini ya 55 kwa ya dizeli. Zipo boila zilizoundwa makusudi kunufaika na joto la mvuke huo, lakini hizo sizizungumzii hapa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kudhani kwamba valvu moja ya kuchanganya maji, iliyowekwa upande wa sakafu, inatosha. Valvu hiyo huikinga sakafu isipokee maji ya nyuzi 80, lakini haiikingi boila hata kidogo. Boila inahitaji valvu yake yenyewe ya njia tatu, inayohisi joto la maji yanayorudi na kuyachanganya na yale ya moto yanayotoka kwenye boila kabla hayajaingia tena. Maji yakitoka kwa nyuzi 80 na kurudi kwa 30, basi ili yaingie yakiwa 60, katika kila lita tano sharti tatu ziwe za moto na mbili ziwe zilizorudi. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kibomba chembamba cha kupitisha maji kando, ambacho baadhi ya mafundi hukipachika ili kumridhisha mteja, hakifui dafu, hasa alfajiri wakati sakafu nzima imepoa.

Napendelea kutenganisha mzunguko wa boila na mzunguko wa sakafu, kila mmoja ukiwa na pampu yake, na kuikutanisha mizunguko hiyo kwenye viungo viwili vya T vilivyokaribiana, umbali kati yake usizidi mara nne ya kipenyo cha bomba. Vikikaribiana hivyo, shinikizo katika viungo hivyo hulingana, na pampu moja haisukumi maji ya mwenzake. Hata hivyo, mpango huu peke yake haupandishi joto la maji yanayorudi, kwa hiyo valvu niliyoitaja bado inahitajika. Pampu ikae baada ya mahali tangi la kutanukia maji, yaani linalopokea maji yanapoongezeka ukubwa kwa joto, linapoungana na bomba, isukume maji kwenda mbali na tangi hilo.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka ni kukatika kwa stima. Boila ya dizeli huzimika papo hapo, ilhali kuni huendelea kuwaka huku pampu zimesimama. Kumbuka pia kwamba Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ambako maji katika mfumo ulio wazi, yaani ule ambao tangi lake halijafungwa dhidi ya hewa ya nje, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na huko Molo hata chini ya hapo. Nafasi kati ya nyuzi 80 za kazi na kuchemka ni ndogo. Kwa boila ya kuni, basi, mimi huweka bomba la wazi linalopanda moja kwa moja hadi kwenye tangi la juu, lisilo na valvu yoyote njiani, pamoja na rejeta moja (kifaa cha chuma kinachotoa joto la maji hewani) iliyoinuliwa juu ya boila ili maji ya moto yapande yenyewe na kupoa bila pampu.

Mfumo uliofungwa, yaani ule ambao maji yake hayakutani na hewa ya nje, lazima uwe na valvu ya usalama inayofunguka kabla shinikizo halijafikia kiwango cha juu ambacho boila inaruhusiwa kubeba, na kati ya hiyo na boila pasiwe na koki ya aina yoyote. Bomba lake la kutolea maji lisiwe jembamba kuliko mdomo wa valvu, lielekee chini karibu na sakafu mahali pasipopita watu, na lisizibwe. Likidondosha maji, tafuta sababu. Mara nyingi ni tangi la kutanukia lililopoteza hewa yake.