Mama katapeliwa kwa simu, na namba ya siri anayo mjukuu

Pole sana dada. Umesema mama yako mstaafu alimtumia laki tatu mtu aliyejiita wakala, na sasa salio linapungua bila yeye kutoa, huku namba ya siri anayo mjukuu.

La tapeli lina haraka. Pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wake leo hii, muombe muamala uzuiwe. Hela ikishatolewa, kuirudisha ni kazi kweli. Ule ujumbe wa "hela tuma namba hii" aliotuma tapeli msiufute. Utumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba ya tapeli, kisha mkaripoti polisi. Bonyezeni pia *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

La mjukuu ndilo linalonipa wasiwasi. Usimtuhumu bado. Ombeni taarifa ya miamala, ukae na mama faragha, abadilishe namba ya siri yeye mwenyewe. Wewe pia usiichukue, hela ni yake. Akikwambia anatishwa au ananyimwa chakula, hapo msingoje kikao cha ukoo: nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia kituo cha polisi.