Nyumba ya kwanza ya kupangisha Tabora: hesabu vyumba, si marumaru

Wengi wenye mtaji wa kwanza hapa Tabora huvutiwa na nyumba nzima ya kisasa: geti, marumaru, jipsamu. Kuishi ni raha. Kupangisha ni habari nyingine, kwa sababu mpangaji ni mmoja, na akipata uhamisho wa kikazi mapato yanakuwa sifuri mpaka dalali alete mwingine. Nyumba ya vyumba vingi Isevya, Ng'ambo au Chemchem haina sura, lakini chumba kimoja kikiwa wazi, vingine vinaendelea kulipa.

Tuchukue mfano: vyumba 8, kila kimoja 40,000 kwa mwezi, nyumba inauzwa milioni 30. (Kodi halisi ya mtaa waulize wapangaji wa jirani, usimuulize muuzaji.) Utaambiwa inaingiza 3,840,000 kwa mwaka. Wewe hesabu miezi 10, hasa kama wateja wako ni wanafunzi wa AMUCTA au Chuo cha Utumishi wa Umma, maana likizo ndefu ikifika vyumba vinabaki na panya. Hiyo ni 3,200,000. Toa 320,000 ya kodi ya serikali kwenye pango, asilimia 10. Toa 400,000 ya matengenezo, na 220,000 ya kunyonya choo, taa za nje na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Inabaki 2,260,000, yaani kama 188,000 kwa mwezi.

Sasa leta mkopo. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayopungua (inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu), miaka 5, rejesho ni kama 486,000 kwa mwezi. Karibu 300,000 zitatoka kwenye mshahara wako kila mwezi, na hiyo siyo nyumba inayojilipa. Kwa masharti hayohayo, mkopo ambao nyumba hii inaubeba yenyewe haufiki hata milioni 8. Zilizobaki ziwe zako mkononi, la sivyo tafuta ya vyumba vinne. Maneno ya "ardhi inapanda" hayalipi rejesho la mwezi huu.

Kukagua, nenda Februari au Machi mvua zikiwa zimeshiba, usiende Agosti. Beba bisibisi. Ichome miimo ya milango pale chini inapogusa sakafu, kisha panda darini uchome kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mchwa wamekwishamaliza ndani na rangi ndiyo inayoshikilia. Angalia pia vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani, hasa upande wa choo na jikoni penye unyevu. Kubadilisha paa zima kunaweza kumeza mapato ya miaka miwili, kwa hiyo fundi wa paa aje kabla ya bei kukubaliwa.

Umeme: mita moja kwa vyumba vinane ni ugomvi wa kila wiki. Piga hesabu ya mita ndogo kwa kila chumba tangu mwanzo.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ni za urithi. Anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wenzake wasaini. Akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe. Penye hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, uone kwenye daftari mmiliki ni nani. Mhuri wa serikali ya mtaa pekee hautoshi. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata muuzaji kwenye mauzo, kisheria ni ya muuzaji, lakini iandikeni kwenye mkataba, maana wauzaji wengi huisukuma kwa mnunuzi siku ya mwisho.

Kabla ya kulipa, ongea na kila mpangaji peke yake uone risiti zake. Mara nyingi muuzaji amekwishachukua kodi ya miezi sita mbele. Ukinunua bila kuuliza, utakaa nusu mwaka na nyumba iliyojaa watu isiyokuingizia hata shilingi. Miezi hiyo ikatwe kwenye bei.