Kaka ana Huntington (ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo) na anadai jirani anamtilia sumu: aanze dawa gani?
Dada, kabla ya dawa yoyote apimwe mkojo, aulizwe choo amepata lini, na dawa anazokunywa zipitiwe upya. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au choo kufunga siku 5 vinaweza kumvuruga ghafla.

Kama si hayo, madaktari wengi huanza na olanzapini, dawa ya saikosisi (kuamini au kuona yasiyokuwepo), miligramu 2.5 usiku, wakipandisha taratibu hadi 5 au 10. Hupunguza pia kule kuchezacheza kwa viungo, na huongeza uzito. Kwa wengine unene huo ni kero. Mgonjwa wa Huntington hukonda mno, kwake ni nafuu. Risperidoni nusu miligramu nayo yafaa. Haloperidoli mimi huiweka nyuma: hukakamaza mwili, kumeza kukawa shida zaidi, hata chai ikampalia.

Anatumia tetrabenazini, dawa ya kupunguza kuchezacheza kwa viungo? Daktari ajue mapema. Ikichanganywa na dawa hizo za saikosisi, ukakamavu huzidi na mapigo ya moyo yanahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Tena tetrabenazini yenyewe huweza kuleta sonona. Akigusia kujiua, mpelekeni siku hiyohiyo.

Na akirudia swali moja mara ishirini, hiyo si saikosisi, ni wazo limekwama. Msimwongezee dozi kwa hilo.