Swali la Lugha: "Saint" na "sacré", je, yote ni "takatifu"?

SWALI: Ninatafsiri maandishi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Katika ukurasa mmoja nimekutana na "saint" na "sacré", nami yote mawili nikayaandika "-takatifu". Mhariri amenirudishia kazi akisema nimechanganya mambo mawili. Je, maneno hayo si ndugu? Na "sakramenti" yetu inaingiaje hapo?

JIBU: Ni ndugu wa tumbo moja, na mhariri wako naye ana haki.

Yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kilatini, sak-, ambao ulizaa kivumishi sacer na kitenzi sancire. Sacer ni kile kilicho mali ya miungu: hekalu, madhabahu, mnyama aliyekwisha kutengwa kwa kafara. Kimetoka mikononi mwa watu. Sancire ni kukiwekea kitu ulinzi wa sheria au wa kiapo ili mtu asikiguse, na sanctus ni kile ambacho kimekwisha kuwekewa ulinzi huo. Ukiambiwa kitu ni sacer, umejua ni cha nani. Ukiambiwa ni sanctus, umejua kwamba ole wake atakayekivunja.

Wanasheria wa Roma waliitenganisha mipaka hii kwa makini. Gaius, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliyataja makundi matatu ya vitu visivyomilikiwa na binadamu. Mahekalu ni sacrae, makaburi ni religiosae, na kuta na malango ya mji ni sanctae. Kuta za mji! Hakuna aliyezisujudia wala kuzifukizia ubani. Vitabu vya sheria vya Kaisari Justinian, vya mwaka 533, vinatoa sababu: kuta zinaitwa hivyo kwa kuwa adhabu ya anayezivunjia heshima ni kifo. Kutoka kitenzi hichohicho Kifaransa kikapata sanction na Kihispania sanción, neno ambalo hadi leo hubeba idhini na adhabu kwa pamoja, na ambalo katika taarifa za habari sisi tunaliita "vikwazo". Warumi walikuwa hata na neno lililounganisha ndugu hawa wawili, sacrosanctus, walilolitumia kwa viongozi waliowatetea makabwela: aliyemgusa mmoja wao alikuwa amejitakia maangamizi.

Sacer ilikuwa pia na upande wa kutisha, na hapa ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma za katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, zinasema kwamba mkubwa akimdhulumu mtu aliye chini ya himaya yake, "sacer esto", yaani na awe sacer. Ukiandika "awe mtakatifu" umeharibu kila kitu. Mtu huyo alikuwa amelaaniwa, ameachiwa miungu, na aliyemwua hakuhesabiwa kuwa mwuaji. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa sana, maana tunalo jambo kama hilo katika mzizi wa Kiarabu uliotupa "haramu". Msikiti mkuu wa Makka ni Masjid al-Haram, mhujaji huvaa ihramu, na nyama ya nguruwe ni haramu. Kote humo kuna mzuio. Heshima au karaha hutegemea kilichozuiwa.

Roma ilipoanguka, ndugu hawa wakatawanyika. Sanctus ikawa santo kwa Kiitaliano, Kihispania na Kireno, sant kwa Kikatalani, saint kwa Kifaransa, na kwa kuwa Wakristo waliitumia kwa mashahidi wa imani yao, ikashikamana na watu kuliko kuta. Kireno huifupisha kuwa São mbele ya jina linaloanza na konsonanti, ndiyo maana ngome ya Kisiwa cha Msumbiji inaitwa São Sebastião. Kiromania kiliachana nayo, kikachukua sfânt kutoka kwa Waslavoni, ingawa sân- imebaki katika majina ya vijiji kama Sânpetru. Sacer yenyewe haikuenea sana midomoni mwa watu. Kilichoenea ni mtoto wake sacratus, yaani kilichofanywa sacer, ambacho Wahispania na Wareno wanakitamka sagrado kwa sauti ya g, kama walivyoigeuza lacrima kuwa lágrima. Wafaransa wanasema sacré, na c hiyo iliyosalimika inaonyesha kwamba neno lilipita mikononi mwa wasomi wa kanisa.

Sasa sakramenti. Kwa Warumi sacramentum ilikuwa kiapo cha askari anapoingia jeshini, na pia dhamana ya fedha iliyowekwa na wenye kesi. Wakristo wa Kilatini wakaitumia mahali pa neno la Kigiriki mysterion, yaani fumbo, na kwa njia ya kanisa ikatufikia sisi. Ila maana ya kiapo haikufa. Tarehe 14 Februari 842, huko Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, mfalme mkuu wa Ulaya Magharibi ya zamani, waliapiana kusaidiana dhidi ya kaka yao, na maneno yao ndiyo maandishi ya kale kabisa ya Kifaransa tuliyo nayo. Humo kiapo kinaitwa sagrament. Neno hilo liliendelea kulika midomoni mwa watu hadi likawa serment ya leo. Kwa hiyo serment na sacrement ni neno lilelile, moja limesagwa na watu sokoni, jingine limetunzwa sakristia.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. "-takatifu" inatokana na kutakata, kama "-tukufu" inavyotokana na kutukuka. Kiini chake ni usafi, hali ya kutokuwa na doa. Sacer haikujali usafi, ilijali mwenye mali. Kwa hilo "-liyowekwa wakfu" iko karibu zaidi na sacré kuliko "-takatifu", kwa sababu wakfu ni mali iliyofungwa kwa Mungu, isiyouzwa wala kurithiwa.

Kwenye kazi yako, basi. Saint mbele ya jina la mtu ni Mtakatifu, au "Mt." kama tunavyoona kwenye vibao vya parokia. Terre sainte ni Nchi Takatifu. Lakini Vendredi saint ni Ijumaa Kuu na Semaine sainte ni Juma Kuu. Waumini wamekwisha kuamua, usiwabunie jipya. Forêt sacrée usiiite msitu mtakatifu, hasa unapoandika kuhusu mahali kama kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Huo ni msitu wa matambiko, wenye miiko yake, na kukata mti humo ni kosa. Sacré ikitangulia nomino, tahadhari: livre sacré ni kitabu kitakatifu, ila sacré menteur ni mwongo wa kutupwa.

Na ukikutana na union sacrée, neno la siasa lililotoka Ufaransa wakati wa vita vya 1914 na sasa linasikika Kongo, kumbuka kwamba hakuna anayedai wanasiasa hao wametakata. Kinachodaiwa ni kwamba mapatano yao hayavunjwi. Hapo Kifaransa kimeipa sacré kazi ya zamani ya sanctus, na mimi ningeandika "muungano usiovunjika".