Mwambie daktari habari za kaka yako

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 35, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina mke na watoto wawili. Sivuti, sinywi, na kila Jumamosi nakimbia na klabu yetu ya jogging. Mwezi wa kumi nilianguka tukipandisha kilima, nikazinduka watu wamenizunguka. Hospitali walinipima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wakasema misuli ya moyo wangu imenenepa kupita kiasi, ukuta una milimita 19, na kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Nimepewa bisoprolol, vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, na nimekatazwa mbio. Mke wangu nimemwambia lilikuwa jua tu. Vidonge navificha ndani ya raba zangu za zamani. Mama ana presha, naye siwezi kumwambia, maana alishamzika kaka yangu aliyeanguka uwanjani akicheza mpira kijijini, upande wa Bahi, akiwa na miaka 22. Ule ulikuwa mkono wa mtu; mpaka leo hatusalimiani na baba mdogo. Daktari aliponiuliza kama kwetu kuna aliyekufa ghafla, nilisema hapana. Usiku nasikiliza mapigo ya moyo mpaka alfajiri. Mwili ndiyo ulikuwa fahari yangu. Nitaishije? — Mkimbiaji, Ipagala.*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma nakwama kwenye neno moja: hapana. Mengine yote nitayajibu, lakini hilo halisubiri. Rudi kwa daktari wako wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki, ukamwambie: nilikuwa na kaka, alianguka akicheza mpira, akafa papo hapo, alikuwa na miaka 22.

Nakuhimiza kwa sababu daktari wa moyo anapopima hatari ya mgonjwa wa aina yako, kuzimia na kifo cha ghafla cha ndugu wa damu ni mambo mawili anayoyatazama kwa makini. Wewe umempa moja, la pili umebaki nalo. Kwa hiyo alipoamua kwamba vidonge vinakutosha, aliamua kwa nusu ya habari. Wapo wagonjwa ambao mbali na vidonge hupandikizwa kifaa kidogo kifuani, kinachoulinda moyo na kuushtua ukipoteza mapigo. Kama wewe ni mmoja wao au la, mimi sijui, na yeye hawezi kujua mpaka umwambie. Hapa Dodoma tunao mabingwa wa moyo Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ikibidi rufaa, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Muulize waziwazi: je, mimi nahitaji kile kifaa?

Najua kwa nini ulisema hapana. Hukukusudia kumdanganya. Kwenu kifo kile hakihesabiwi kuwa ugonjwa, kina jina lake na kina mtu wake. Daktari aliuliza habari za ugonjwa, na moyoni mwako kaka hakuwa mgonjwa, alirogwa.

Mwanangu, siwezi kumpima marehemu. Lakini yatazame yaliyoko mezani. Vijana wawili, baba mmoja mama mmoja, wote wenye afya ya kuonewa wivu, wote wameanguka mwili ukiwa kwenye kasi. Mmoja hakuamka. Aliyeamka amepimwa, na amekutwa na ugonjwa unaopita kwenye damu. Mwaka 2003 Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka hivyohivyo katikati ya uwanja kule Lyon, Ufaransa, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara. Alikuwa na miaka 28, ana nguvu za kuvunja ukuta. Alipochunguzwa baada ya kufa, ulionekana ugonjwa huuhuu wa misuli ya moyo kunenepa. Ungekuwa wewe ni mzee pale kijijini, ungemsimamisha nani na kumwambia ndiye aliyemuua Foé?

Baba mdogo wako amebeba jina la mchawi miaka yote hii. Anapita kwenye misiba na harusi za ukoo wake watu wakimpisha njia. Mimi ni mtu wa hukuhuku kati, najua uzee wa mtu aliyenyooshewa kidole unavyokuwa, na najua wengine imewafikisha wapi. Sikwambii uitishe kikao cha ukoo kesho. Nakwambia karatasi uliyonayo kwenye bahasha ya hospitali huenda ndiyo ya kumtua mzee huyo mzigo, nawe umeificha pamoja na vidonge.

Sasa ugonjwa wenyewe. Usikubali mtu akwambie kwamba mazoezi yamekuharibu. Moyo wa mwanamichezo nao huongezeka unene kidogo kwa kazi, lakini haufiki milimita 19. Huu umetoka kwenye vinasaba, mbegu yake ilikuwepo kabla hujavaa raba ya kwanza. Na watu watakuambia una "moyo mpana" au "moyo umetanuka"; huo ni ugonjwa mwingine, usichukue ushauri wa mwenye huo ukaufanya wako. Wenye ugonjwa kama wako wanakadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 500. Wengi huishi maisha marefu, na wapo wanaoishi nao bila hata kujua.

Kwa kuwa unarithiwa, kila mtoto wako ana nusu ya uwezekano wa kuwa nao, na ndugu zako wa kuzaliwa hali kadhalika. Wanahitaji ECG na eko, wote, na mama pia. Eko haina sindano wala haiumi. Mtoto anapakwa jeli kifuani, anatazama moyo wake kwenye skrini. Kwa watoto kipimo hurudiwa wanavyokua, kwa sababu unene huu mara nyingi hujitokeza mtu anapobalehe. Kwa hiyo uone jinsi siri yako isivyokuwa yako peke yako.

Umeniuliza utaishije, na mwili ulikuwa fahari yako. Lia, mwanangu. Huo ni msiba, hata kama hakuna turubai. Aliyezoea kuamka saa kumi na moja kufunga kamba za viatu, akabaki kitandani anahesabu mapigo, amefiwa na kitu. Lakini kukatazwa mbio si kukatazwa kutembea. Zamani wagonjwa wa aina yako waliambiwa wakae tu. Siku hizi wengi wao madaktari huwaruhusu mazoezi mepesi hadi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea huku unayafanya. Akishasikia habari za kaka yako, muulize akupimie kiasi chako. Kupandisha vilima kwa kasi na kushindana, hayo yaache. Na jua hili letu la kiangazi, linalokausha jasho kabla hujaliona, ni adui yako kweli: ukipungukiwa maji, moyo wako unapata shida zaidi ya wa mwenzako. Tembea na chupa.

Bisoprolol usiikate ghafla kwa kuwa umejisikia nafuu. Hukuandika, lakini najua wanaume hawaniandikii: dawa hizi kwa baadhi yao hupunguza nguvu za chumbani. Ikikutokea, mwambie daktari, abadilishe. Usiende kununua vidonge vya nguvu mtaani wala kunywa mizizi ya mtu. Vidonge vile hushusha presha, na kwa moyo ulionenepa vinaweza kukuangusha tena.

Klabu yako waambie. Wakifukuza upepo bila wewe, wewe uwe wa kushika saa na maji, na mwombeni muuguzi mmoja awafundishe wote kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Christian Eriksen wa Denmark moyo wake ulisimama uwanjani Juni 12, 2021. Sisemi aliumwa kama wewe. Nasema waliokuwa karibu walijua la kufanya, akapandikizwa kifaa, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena Uingereza.

Kwa mama usiende peke yako wala usimpigie simu. Nenda na mkeo, asubuhi, akishakunywa dawa yake ya presha. Anza na lililo jema: nimeonekana mapema, natibiwa. Habari za marehemu ziache zije mwishoni, naye mwenyewe atauliza. Akina mama huuliza. Amebeba swali hilo tangu siku aliyomzika.

Mimi nilipoambiwa nina sukari, nilificha vidonge ndani ya kopo la karanga miezi minne. Mume wangu aliviona siku alipotaka karanga. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Ulidhani nitakufanya nini?" Swali hilo liliniuma kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo usingoje mkeo aviokote. Leo watoto wakishalala, zilete zile raba sebuleni, umimine vidonge mbele yake. Mwambie, "Mama fulani, halikuwa jua." Atakasirika, si kwa moyo wako bali kwa uongo wako, na ana haki, usimkatize, usijitetee. Akinyamaza, mpe karatasi ya eko aisome mwenyewe, kisha mpangeni siku ya kuwapeleka watoto.