Mke nesi amepata Marekani, mume aende naye au abaki kwanza?

Kuna ndugu wa Kisauni ameniuliza swali nimeona nilijibu kwa urefu manake si yeye peke yake. Mkewe ni nesi, hospitali moja ya Marekani imemuombea grini kadi, kibali cha kuishi kule kwa kudumu, I-140 yaani ombi la mwajiri ishapita, sasa wanangoja zamu ya viza tu. Ndoa yao ilifungwa na shehe nyumbani kwa kina mke, cheti cha serikali hawana. Mamake anamwambia mwache mke atangulie, akishapata nyumba na gari we utafuata. Halafu anauliza huku atafanya kazi gani, yeye ni mtu wa kliaringi, kutoa mizigo ya watu pale bandarini Mombasa.

Mimi ndo mtu wa kuulizwa hayo, maana nimefika Minnesota kwa mgongo wa mke wangu nesi na sioni haya kulisema. Wanaume wengi walioletwa huku na wake zao ukiwauliza ulikujaje watakwambia ah nilipata kazi, kazi gani bwana, viza imepigwa E34 hiyo ni ya mume au mke wa mwenye kazi, kila aliyepitia njia hii anaijua.

Sasa tuanze na cheti, hayo mengine yote yangoje. Sheria yao iko hivi, siku mkeo anaingia kule kama mkaazi wa kudumu, je nyinyi mlishakuwa mume na mke? Kama ndio, wewe uko kwenye faili lake, tarehe yake ya foleni ndo yako, hata ukichelewa kumfuata haki yako ipo. Kama mtaoana baada ya yeye kuingia, hata kama ni wiki moja tu baadaye, faili lile halikuhusu tena, itabidi akufungulie I-130, ombi la kumleta mwenzi, na uanze foleni nyingine ya wake na waume wa wenye grini kadi, na hiyo foleni ni ya miaka. Nimeona mabinti wameshuka huku bila ndoa, wakasema ntarudi likizo tufanye harusi kubwa, harusi ilikuwa nzuri kweli na picha tuliziona, bwana harusi mpaka leo yuko Likoni.

Nikaha ya shehe ni ndoa halali Kenya, hilo hakuna anayebisha, lakini ubalozini Gigiri utaulizwa cheti cha serikali. Tangu sheria ya ndoa ya 2014 ndoa zote zinatakiwa kuandikishwa, za Kiislamu, za kanisani, mpaka za kimila. Mrudieni shehe aliyewaozesha, kama ameruhusiwa na msajili wa ndoa atawaandikia, kama hana ruhusa nendeni kwa Kadhi mkaulize utaratibu, na mashahidi wa siku ile watafuteni mapema kabla hawajasafiri au kufa. Mkiwa huko huko angalieni majina. Sisi watu wa pwani kwa majina ni balaa, pasipoti Mwanaisha, cheti cha kuzaliwa Mwana Aisha, cheti cha ndoa Aisha binti fulani, afisa wa ubalozi hajui kama huyo ni mtu mmoja na wala si kazi yake kujua.

Kuhusu foleni, msikilize nesi mwenzake mkeo, usimsikilize binamu yako anayetafuta kazi ya kompyuta kule. Manesi wako kwenye orodha yao maalum, mwajiri halazimiki kutangaza kazi kwanza athibitishe kwamba hakuna Mmarekani anayeitaka, wa kompyuta ndo anahangaika na hiyo hatua mwaka na zaidi. Lakini viza zenyewe ni chache, kama 140,000 kwa mwaka kwa wote wanaokuja kwa njia ya ajira, dunia nzima, na hapo ndani mume na watoto pia wanahesabiwa, yani mkeo akija na wewe na watoto wawili mmechukua nne. Mwaka 2023 tarehe za foleni zilirudi nyuma, watu wakakaa na I-140 mkononi na mkataba wa kazi na hakuna kuitwa. Kwa hivyo msiuze vitanda bado.

Atangulie ama mwende pamoja? Mama nisamehe lakini mimi nasema pamoja. Intavyuu moja, vipimo vya daktari pamoja, karatasi za polisi pamoja. Kufuata baadaye kunaruhusiwa, mradi ndoa iwe bado ipo na yeye awe bado ni wa grini kadi, akishakuwa raia mlango huo unafungwa inabidi apeleke ombi jipya. Wewe kumtangulia yeye ndo haiwezekani kabisa. Ila Marekani mambo hubadilishwa kwa saini moja, ndugu zetu wa Burundi Juni 2025 waliamka wakajikuta kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi, na viza za kuhamia zikiwemo. Aliyekuwa ameshaingia na mwenzake alilala usingizi wake. Na ile fikra ya kusema ntaomba viza ya matembezi nikamuone mara moja, mke yuko kule kwa kudumu na wewe unamwambia afisa utarudi, nani atakuamini?

Pesa. Viza ya njia hii ni dola 345 kila kichwa, kisha ada ya kadi 235, hapo hujaweka daktari wala tiketi. Ajenti wengi wanamlipia nesi, mume wanamsahau, na wengine mkataba wao nesi akiacha kazi kabla ya muda anatozwa pesa ya kutisha. Someni mkataba wote, sio mkeo peke yake, deni likija litakuja nyumbani kwenu wote.

Kadi utakayopewa ni yako, ya miaka 10, si ile ya miaka miwili ya masharti wanayopewa wenye ndoa changa waliokuja kwa I-130. Unaanza kazi bila kuomba kibali. Hata mkiachana baadaye hawakunyang'anyi, na ndio maana kuna vijana wamefika huku miezi michache tu wakahama na jimbo, mke kabaki na mkataba wake na aibu. Sisemi ni wewe. Na kwa yule aliyenichokoza inbox kuhusu bi mdogo, hapana, Marekani wanamtambua mke mmoja, na anayekuja na nia ya kuishi na wawili viza anakosa, swali hilo limo kwenye fomu.

Kazi sasa. Kliaringi yako huku hakuna atakayeiuliza mwanzoni. Mimi nilianza kwenye nyumba za kutunza watu wenye ulemavu, Wakenya tumejaa huko, unaogesha mtu mzima, unampa dawa, unaandika ripoti. Mke anafanya shifti ya usiku ya masaa kumi na mawili, anatoka asubuhi saa moja, mimi naingia saa mbili. Tulikuwa tunakutana kwenye paking, gari halizimwi kwa sababu ya baridi, mtoto amelala kwenye kiti chake cha nyuma, yeye anaketi kwa usukani na unifomu yake ya kazini mimi naruka gari la rafiki, tumeongea maneno mawili, uji uko kwenye thamosi. Dei kea ni ghali, na ndo maana watu wanaishi hivyo. Mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu mpaka leo, mapishi mengi ni mimi, na kwetu bado wananipigia mimi simu ya karo kana kwamba mimi ndo mwenye hospitali.

Kama unafikiria uchukue kadi urudi kuangalia duka Kongowea, ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi wanahesabu umeitupa, na kibali hicho unakiomba ukiwa ndani ya Marekani na kikizidi sana ni miaka miwili. Duka mpe mtu saa hii mzoeane. Shehe mtafute wiki hii, na mwambie mkeo anitumie ule ukurasa wa mkataba unaoongea juu ya familia, kama upo.